Maswali ya Wasomaji: Pesa ya Giza na Deni la Mbalamwezi

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na zote zinahusu simu ambayo sasa ndiyo pochi yetu, ndiyo daftari letu, na kwa wengine ndiyo mkopeshaji wao. Nimejibu tano. Majina ya walioandika yamehifadhiwa.

Shikamoo mshauri. Mimi ni mama wa watoto wanne na nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Zamani wateja wangu wa Shinyanga na Kahama walikuja na fedha mkononi. Siku hizi wananitumia kwa simu, mzigo unapakiwa na mimi sijatoka bandani. Mauzo yameongezeka, hilo silikatai. Lakini wakati wa giza pesa inaingia mfululizo, na mbalamwezi ikifika sina hata ya unga, inabidi nikope kwenye simu hiyohiyo. Pesa yangu inakwenda wapi? (Mama wa Dagaa, Kirumba)

Marahaba, mama. Kwa ajili ya wasomaji walio mbali na ziwa, nieleze kwanza kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, nao hufuata mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake huenea juu ya maji yote, taa za wavuvi zikakosa nguvu, na mitumbwi ikapumzika kwa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Kwa hiyo kipato cha anayeuza dagaa hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi wa angani. Ninataka uone kwamba jambo hilo, pamoja na ugumu wake, lina faida moja kubwa: siku za ukata unazijua kabla hazijafika. Mfanyabiashara wa mahindi hajui mvua itakata lini, lakini wewe unaijua mbalamwezi ijayo, na ile itakayoifuata.

Swali lako ni la haki, na jibu lake unalo mkononi mwako. Kila shilingi iliyoingia na kutoka katika simu yako imeandikwa kwa tarehe, saa na kiasi, pamoja na makato. Mama zetu waliofunga fedha kwenye pindo la khanga hawakuwa na kumbukumbu hiyo. Walikuwa na kitu kingine ambacho sisi tumekipoteza, nacho ni fundo. Fundo hili la ada, lile la chumvi na mafuta ya taa, na jingine la safari ya msiba. Kulifungua fundo kulichukua muda, vidole vikihangaika, na katika muda huo mtu aliweza kubadili nia. Aliona kwa macho na kuhisi kwa mkono kwamba kitambaa kimelegea. Pesa ya simu haina uzito, na salio la shilingi 900,000 na la shilingi 90,000 huonekana katika kioo kilekile kwa maandishi ya ukubwa uleule.

Jambo hili limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT nchini Marekani waliwapigisha watu mnada wa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Baadhi waliambiwa watalipa taslimu, wengine kwa kadi. Waliotakiwa kulipa kwa kadi walitaja bei iliyofika hadi maradufu ya ile ya wenzao, ingawa tiketi zilikuwa zilezile. Maumivu ya kutoa fedha hupungua pale mkono usipoigusa, na yakipungua maumivu, matumizi huongezeka bila mwenyewe kujua.

Mwaka juzi nilikaa jioni moja na daftari la mistari nikanakili miamala yangu ya mwezi mzima kutoka kwenye simu. Nilikuwa na hakika kwamba najua matumizi yangu. Nilikuta nimetoa pesa kwa wakala mara 19, nyingi zikiwa za shilingi 10,000 au chini ya hapo, kwa sababu kila asubuhi nilitoa ya siku hiyo tu nikiamini kwamba ndiko kubana matumizi. Makato ya kutoa peke yake yalifika shilingi 23,400. Hakuna aliyeniibia. Kila kato lilikuwa limeandikwa katika ujumbe ambao niliufuta kabla ya kuumaliza kuusoma.

Kwa hiyo, mama, kabla ya ushauri mwingine wowote, omba taarifa ya miamala yako kupitia menyu ya mtandao wako, au mwombe mwanao mkubwa akusomee ujumbe mmojammoja huku ukiandika. Gawa ukurasa sehemu nne: mtaji, nyumba, makato na deni. Nina wasiwasi hasa na sehemu ya kwanza. Mteja wa Kahama akikutumia shilingi 800,000, fedha hiyo si yako yote. Ikiwa mzigo ulikugharimu 650,000 pamoja na magunia na wapakiaji, chako ni 150,000 tu, na zilizobaki zinapaswa kurudi kwa mvuvi kununua dagaa wa kesho. Lakini simu haijui tofauti hiyo. Inakuonyesha 800,000, nawe unalipa ada, unamtumia mdogo wako, unanunua vocha na umeme, na kila ukitazama salio bado ni kubwa. Unakula mtaji, na hutajua mpaka dagaa watakapokuja na wewe huna ya kuwanunulia.

Tenganisha laini. Moja iwe ya biashara, ikiwezekana yenye lipa namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara, ili wateja wote walipe huko. Nyingine iwe ya nyumbani. Kila jioni ya siku ya giza ujilipe kiasi maalumu kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kama vile unavyomlipa kijana anayekuanikia, na mahitaji ya nyumba yaishie ndani ya kiasi hicho.

Kisha iandae mbalamwezi. Tuseme katika mwezi mmoja unafanya kazi siku 20 na siku 10 biashara inalala. Ukiweka kando shilingi 4,000 kila siku ya kazi, utakuwa na 80,000, na kwa siku 10 za mbalamwezi hiyo ni shilingi 8,000 kwa siku. Rekebisha namba kwa hali yako, lakini usibadili mpangilio: weka kwanza, tumia baadaye, na weka asubuhi kabla wateja hawajaanza kupiga. Fedha hiyo usiiache katika salio unalolitazama kila saa. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti wao uliotoka mwaka 2013, waliwapa watu wa magharibi mwa Kenya kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo, waweke humo fedha za mahitaji ya afya, na kisanduku hicho kikaongeza kwa kiasi kikubwa fedha walizotumia kwa ajili hiyo. Fedha iliyopewa jina na mahali pake husalia. Kwako kinaweza kuwa kibubu, kinaweza kuwa akaunti ya akiba iliyofungwa hadi tarehe fulani. Ikiwa ni akaunti ya benki, fahamu pia kwamba Bodi ya Bima ya Amana humlinda mwenye amana hadi shilingi 7,500,000 iwapo benki itafilisika.

Sasa mkopo wa simuni. Huduma nyingi za kukopa papo kwa papo hujilipa zenyewe pale fedha inapoingia katika laini yako, tena pamoja na ada inayoongezeka kadiri siku zinavyopita. Fikiri maana yake kwako. Giza linaanza, mteja wa kwanza anatuma, na kabla hujagusa kitu deni limeshachukua sehemu ya mtaji. Unanunua magunia machache, unapata faida ndogo, na mbalamwezi inayofuata unakopa zaidi. Mama yangu, huo ndio mduara uliouandikia barua. Ukiweza kupita mbalamwezi moja tu bila kukopa, hata kwa kula dagaa na ugali siku zote kumi, giza litakalofuata litaanza na mtaji wako mzima.

Mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Ukerewe. Mshahara ukiingia, kabla ya saa sita mchana nimeshapigiwa na ndugu watatu. Zamani walisubiri nije. Mke wangu amesema niwe na msimamo, rafiki zangu wananishauri nizime simu wiki nzima ya mshahara. Nifanye nini? (Mwalimu, Nansio)

Mwalimu, nakumbuka enzi ambazo kupeleka fedha Ukerewe kulihitaji bahasha, abiria mwaminifu na meli. Umbali ulikuwa sababu ya kutosha: mtu alisema hajapata wa kumpa, na maneno yakaishia hapo. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, sababu hiyo imekufa. Ombi hufika kwa sekunde na jibu hutarajiwa kwa sekunde hizohizo.

Sikubaliani na wanaokushauri uzime simu, na nalisema hili nikijua kwamba washauri wengi wa fedha wangesimama upande wao. William Jack na Tavneet Suri walifuatilia kaya nchini Kenya, na matokeo waliyochapisha mwaka 2014 yalionyesha kwamba kaya zilizopatwa na msukosuko kama ugonjwa au kupoteza kazi, ikiwa hazikutumia fedha za simu, zilipunguza matumizi yake kwa takribani asilimia 7, ilhali zile zilizotumia fedha za simu hazikutetereka, kwa kuwa ndugu na marafiki waliweza kuwatumia haraka. Miaka miwili baadaye walikadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa katika umaskini kaya 194,000, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi pale mwanamke alipokuwa kiongozi wa kaya. Fedha unayomtumia shangazi anapolazwa ni bima, na siku utakayolazwa wewe, bima hiyo itarudi.

Ila bima ina mchango unaojulikana kabla ya mwezi kuanza, na hapo ndipo shida yako ilipo. Keti na mke wako kabla ya mshahara, si baada ya simu ya tatu, mkubaliane kiasi cha ndugu kwa mwezi huo, kiwe 40,000 au 70,000. Kihamishie mahali pake siku hiyohiyo ya mshahara. Anayepiga umjibu kwa heshima: "Nimekusikia, kaka. Naomba niongee na mama watoto, nitakupigia kesho jioni." Usiku mmoja katikati ya ombi na muamala unatosha kutofautisha ugonjwa na tamaa ya kiatu. Ikiwa ni ada, lipa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya shule. Ikiwa ni dawa, lipa duka la dawa. Kiasi cha mwezi kikiisha, sema kimeisha, na utakuwa unasema kweli.

Na usimfiche mke wako muamala hata mmoja. Nimepokea barua nyingi za nyumba zilizotikisika, na mara nyingi kilichouma kuliko kiasi kilichotumwa ni ule ujumbe uliofutwa.

Ndugu mshauri, naendesha bodaboda Igoma. Nilikopa kwenye programu ya simu baada ya pikipiki kuharibika. Niliomba 100,000, nikapokea 68,000, wakataka 100,000 ndani ya siku saba. Nimechelewa, sasa wanawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yangu wakisema mimi ni tapeli. Hadi mama mkwe ametumiwa. (Kijana wa Igoma)

Pole sana, kijana wangu. Aibu unayoipata si halali, na nitaanza na hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Kuchukua orodha ya namba zako na kuwasambazia watu habari za deni lako si njia halali ya kudai. Piga picha za jumbe zote kwenye kioo cha simu, andika tarehe, uwaombe waliotumiwa wakuhifadhie nakala, kisha ulalamike Tume na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi hapa Mwanza.

Chunguza pia kama aliyekukopesha ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali, na orodha ya wenye leseni hupatikana katika tovuti yake. Anayekopesha lazima awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Sasa hesabu, kwa sababu naamini ungefanyiwa hesabu hii kabla ya kubonyeza kitufe, usingebonyeza. Mkopo wako haukuwa 100,000. Mkopo wako ni kile kilichofika mkononi, yaani 68,000. Juu yake umedaiwa 32,000 kwa siku saba, ambazo ni asilimia 47 kwa wiki moja. Ukomo wa riba ambao Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na kwa 68,000 hiyo ingekuwa shilingi 2,380 kwa mwezi mzima. Watu wameiita mikopo ya namna hii kausha damu, na jina hilo limetoka kwa waliokauka.

Hata hivyo, ulichopokea ni deni la kweli. Wapelekee kwa maandishi pendekezo la kurejesha 68,000 kwa mafungu pamoja na riba halali, na utunze nakala. Usikope programu ya pili kuilipa ya kwanza. Nakusihi kama mzazi. Na pikipiki itakapotulia, weka shilingi 1,000 ya spea kila siku ya kazi. Pikipiki yoyote huharibika, na fundi hataki riba kwa mtu aliyekuja na fedha yake.

Nimepata ujumbe unaosema "ile pesa itume kwenye namba hii," na mwingine unasema nimetumiwa pesa kwa makosa niirudishe. Nijuaje ukweli? (Mama Lishe, Buhongwa)

Tazama salio lako kupitia menyu, usitegemee maneno ya ujumbe. Kama halijaongezeka, hakuna kilichotumwa. Kama kweli limeongezeka, usirudishe kwa mkono wako, mwelekeze mtumaji apige huduma kwa wateja ya mtandao wake ili muamala ubatilishwe kwa utaratibu. Ujumbe wa kitapeli uutume kwa namba 15040, ni bure. Bonyeza pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya siri haiombwi na mfanyakazi yeyote wa mtandao, wala wakala, wala mtoto wa jirani anayekusaidia.

Sisi ni kikundi cha kina mama 26 huku Sengerema. Tuna sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, wengi tunakwenda Mwanza kufanya biashara na kurudi jioni, vikao vya Jumatano havijai. Wengine wanataka tuhamie kwenye simu. Wazee wanakataa. (Katibu wa Kikundi)

Daraja hilo lilifunguliwa Juni 2025, na sikuwahi kufikiri kwamba lingeleta swali hili katika safu yangu. Nawaunga mkono wanaotaka kuhama, lakini wazee wenu nao wanaona jambo ambalo vijana hawajaliona.

Sanduku linaweza kuibwa, linaweza kuungua, na mwenye ufunguo akisafiri kikao kimekwama. Huduma za vikundi kwenye simu huruhusu mchango kutoka popote, na kabla ya fedha kutoka huhitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, kama zile kufuli tatu. Hakikisheni sharti hilo limewashwa, na wenye idhini wasiwe wa nyumba moja. Kama kikundi hakijasajiliwa, pitieni kwa halmashauri mkisajiliwe katika daraja la nne la huduma ndogo za fedha, ambalo ni la vikundi vya kijamii kama chenu, ili siku ya mgogoro muwe na pa kusimamia.

Ninachokiogopa ni kupotea kwa ule muda ambao sanduku linafunguliwa na fedha inahesabiwa kwa sauti. Nimewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo. Mhesabu alizipanga noti za 10,000 juu ya mkeka, kumikumi, huku kina mama wakitamka pamoja naye, na bibi mmoja asiyejua kusoma alikuwa na kokoto mfukoni, moja kwa kila hisa aliyonunua. Alipotajiwa hisa zake alizipanga kokoto mbele yake, akazilinganisha, akatikisa kichwa kukubali. Mama yule alikuwa na elimu ya fedha kuliko wengi wenye programu tatu katika simu zao.

Kwa hiyo hamieni, na Jumatano msiiache. Ifanyeni mara moja kwa mwezi kama kila wiki haiwezekani. Siku hiyo taarifa ya miamala isomwe yote kwa sauti, mstari kwa mstari, pamoja na makato, na msomaji abadilike kila kikao ili mhasibu asizoeleke kuaminiwa bila kuangaliwa. Katibu aandike katika daftari, wazee walete kokoto zao. Jumla ya daftari na jumla ya simu zikitofautiana hata kwa shilingi 500, kikao kisifungwe mpaka ijulikane ni muamala upi.